Siku 19 za Darleen Druyun

Tarehe 17 Oktoba 2002, mwanamke aliyekuwa na sauti kubwa kuliko karibu wote katika ununuzi wa Jeshi la Anga la Marekani alikutana faraghani mjini Orlando, Florida, na mkuu wa fedha wa kampuni ya Boeing. Walizungumzia kazi ambayo angeifanya katika kampuni hiyo baada ya kustaafu serikalini. Barua ya kujitoa katika shughuli zote zinazoihusu Boeing aliitoa tarehe 5 Novemba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 19, na katika siku hizo Darleen Druyun alikuwa bado anashughulikia mpango wa serikali wa kukodi kutoka Boeing ndege 100 za kujazia mafuta angani, mpango uliokuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 20. Kosa alilokiri mahakamani ni hilo la siku 19, na kwa hilo alifungwa miezi 9.

Nimekuwa nikiirudia kesi hii mara kwa mara, na sababu yangu ni ya kikazi. Nilifanya kazi ya ugavi katika halmashauri kwa zaidi ya miaka 20, nikinunua madawati, saruji, matairi na dawa za kusafishia maji. Kati ya vitu hivyo na ndege za kijeshi hakuna uhusiano wowote, lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni huyatambua mambo haya hata yakisimuliwa kwa lugha ya mabilioni: mnunuzi anayelipa kwa fedha isiyo yake, muuzaji mwenye subira, na siku ya kustaafu ambayo wote wawili wanaijua ingawa hakuna anayeitaja.

Wamarekani wanayaita mazoea haya mlango unaozunguka. Taswira ni ya ule mlango wa vioo wa hoteli kubwa, ambao mtu huingia upande mmoja akiwa afisa wa serikali, akatokea upande wa pili akiwa mkurugenzi wa kampuni inayoiuzia serikali silaha, na akiendelea kuusukuma, baada ya miaka michache hurudi alikotoka akiwa na cheo kikubwa zaidi. Karibu kila anayeandika juu ya jambo hili huanza na hotuba ya Rais Eisenhower wa Marekani ya 1961 kuhusu jeshi na viwanda vyake; mimi nitamwacha mzee yule apumzike, kwa sababu hotuba yake inahusu mfumo, na ninachotaka kukieleza hapa ni jinsi mfumo unavyopita ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Druyun alikuwa msaidizi mkuu wa mwenye dhamana ya ununuzi katika Jeshi la Anga tangu 1993 hadi alipostaafu mwaka 2002. Mabosi wa juu yake walikuwa wateule wa kisiasa waliokuja na kuondoka pamoja na marais. Yeye alibaki, na ndiye aliyejua kila mkataba ulizaliwaje. Wauzaji walimwogopa, wakampachika jina la utani la mwanamke joka, kwa kuwa alizoea kuwabana kwenye bei na kuwasema mbele za watu. Ukali huo ndio uliowafanya wengi waamini kwamba hanunuliki. Sisi wa ugavi tulikuwa na kosa hilo hilo la hesabu: tulimwamini mwenzetu anayewafokea wazabuni, tukamtilia shaka yule mpole anayewaamkia vizuri. Ukali mezani hauonyeshi mtu anadaiwa nini na nani.

Deni la Druyun lilianzia kwa watoto. Mwaka 2000 aliomba wakubwa wa Boeing wamsaidie kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake kupata kazi, na kijana akapata. Baadaye mwaka huo huo akamwombea binti mwenyewe, naye akaajiriwa katika ofisi za kampuni mjini St. Louis. Hakuna bahasha iliyopita mkononi, na hakuna akaunti ya siri iliyofunguliwa mahali. Kilichotokea ni kwamba kuanzia siku hiyo, kila alipokaa na watu wa Boeing kuzungumzia bei, mshahara wa binti yake na wa mkwewe ulikuwa umekaa naye upande wa pili wa meza. Baadaye alikiri kwamba makubaliano ya mwaka ule kuhusu ndege za mizigo za C-17, yaliyoipatia Boeing dola milioni 412, huenda yaliathiriwa na msaada huo wa ajira. Alikiri pia kuhusu zabuni ya mwaka 2001 ya kuboresha vifaa vya kuongozea ndege za C-130, yenye thamani ya dola bilioni 4. Boeing iliishinda zabuni hiyo mbele ya wengine, ikiwemo Lockheed Martin ambayo ndiyo inayoziunda ndege hizo, na kwa maneno yake mwenyewe, mtu asiyeegemea upande huenda asingeichagua Boeing.

Nikifika hapo huwa siwezi kumcheka. Mwaka mmoja mpwa wangu alikuwa anahangaika kupata mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, kama wanachuo wote wanavyohangaika, na msambazaji mmoja aliyekuwa akituuzia vifaa vya ujenzi akasikia. Sijui alisikia kwa nani. Akanipigia: "Mwambie huyo binti aje ofisini kwetu Jumatatu, hilo ni jambo dogo, kaka." Nilimshukuru, na mpwa wangu akaenda, akafanya kazi vizuri, akapewa barua nzuri. Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya kufungwa kwa zabuni, niliona jina la msambazaji yule halimo katika daftari la waliowasilisha, na bila kufikiri nikainua simu kumkumbusha. Sikubadilisha alama ya mtu, wala sikuvujisha bei ya mtu. Lakini wazabuni wengine watatu ambao nao walikuwa hawajawasilisha sikuwapigia, na jambo hilo halikunijia akilini hadi miezi mingi baadaye. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee, na siku zote tunaielewa methali hiyo kwa upande wa anayetoa. Ulimi wa anayelamba hautajwi, kwa kuwa wenyewe hudhani unafanya adabu tu.

Sasa turudi kwenye vuli ya 2002. Druyun alikuwa ametangaza nia ya kustaafu na alikuwa anazungumza na Lockheed Martin kuhusu kazi. Mwanzoni mwa Septemba binti yake, akiwa mfanyakazi wa Boeing, alimwandikia barua pepe Michael Sears, mkuu wa fedha wa kampuni, kumjulisha kwamba mama anastaafu na kwamba moyo wake uko Boeing. Hebu tuitazame njia hiyo vizuri: kampuni haikumfuata afisa, wala afisa hakuifuata kampuni, mtoto alimwandikia bosi wake juu ya mama yake. Ukitaka kuandika sheria ya kukataza jambo hilo utahangaika sana kutafuta maneno. Wakakutana Orlando, na baada ya hapo Sears akawaandikia wakubwa wenzake kwamba walikuwa wamefanya "mkutano usio mkutano" na kwamba mazungumzo yameenda vizuri. Maneno hayo yamenichekesha na kunitisha kwa wakati mmoja, maana ni mtu anayejua kabisa mstari uko wapi tu ndiye anayeweza kubuni jina kama hilo.

Januari 2003 Druyun akaanza kazi Boeing kama naibu meneja mkuu wa mifumo ya kujikinga na makombora, kwa mshahara wa dola 250,000 kwa mwaka na dola 50,000 za kumkaribisha. Huenda mambo yangeishia hapo kama isingekuwa Seneta John McCain, ambaye hakuupenda mpango wa kukodi ndege tangu mwanzo na aliendelea kudai nyaraka na barua pepe za ndani. Tarehe 24 Novemba 2003 Boeing iliwafukuza kazi Druyun na Sears siku moja, na wiki moja baadaye mtendaji mkuu, Phil Condit, akajiuzulu. Aprili 2004 Druyun alikiri kosa la kula njama, akishikilia kwamba serikali haikupoteza kitu kwa sababu yake. Akapimwa kwa mashine ya kupimia uongo, akashindwa. Ndipo akasema yaliyobaki: kwamba kitabu cha kumbukumbu alichowapa waendesha mashtaka alikuwa amekibadilisha, kwamba aliwapa Boeing taarifa za bei za mshindani wao wa Ulaya, na kwamba bei ya ndege za mafuta aliikubali ikiwa juu ya ile aliyoiona ni ya haki, kama zawadi ya kuagana na kampuni iliyokuwa inamsubiri. Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 9. Sears alipata miezi 4. Mwaka 2006 Boeing ililipa dola milioni 615 kumaliza madai ya serikali yaliyotokana na sakata hili na lingine lililohusu nyaraka za Lockheed kuhusu maroketi.

Kinachonishughulisha ni hiki: bila barua pepe zile na bila mashine ile, sheria ingemkuta na nini? Siku 19 tu. Kama angeitoa barua yake ya kujitoa tarehe 16 Oktoba badala ya 5 Novemba, akaenda Orlando kesho yake, akaajiriwa Januari, hapangekuwa na kesi ya kuanzia, na hayo mengine yote ya tangu mwaka 2000 yangebaki kifuani mwake. Sheria ya Marekani inamkataza afisa kushughulikia jambo la kampuni ambayo anajadiliana nayo kuhusu ajira. Neno lenye uzito hapo ni "kujadiliana". Mtu anayetarajia bila kujadiliana, anayejua bila kuambiwa, hana kosa, na kwa kweli sioni jinsi mahakama yoyote ingeweza kumtia hatiani.

Baada ya kuondoka serikalini kuna vizuizi vingine, navyo vyote vinahesabu muda. Jambo mahususi ambalo afisa alilishughulikia mwenyewe hawezi kulirudia serikalini kwa niaba ya kampuni maisha yake yote; yaliyokuwa chini ya mamlaka yake tu, miaka 2; na afisa mwandamizi hawezi kwenda kushawishi ofisi aliyotoka kwa mwaka 1. Kuna pia katazo la mwaka mmoja kwa aliyesimamia mkataba unaozidi dola milioni 10 kupokea malipo kutoka kwa mshindi wa mkataba huo, isipokuwa kwamba anaweza kuajiriwa na kitengo kingine cha kampuni hiyo hiyo ambacho hakitengenezi bidhaa inayofanana na ile. Aidha, vizuizi vingi vinamkataza kusimama mbele ya serikali na kusema. Kukaa ofisini nyuma na kumwelekeza anayekwenda kusema, kwa sehemu kubwa, ni ruksa. Desemba 2017 majenerali wa nyota 3 na 4 waliwekewa masharti makali zaidi kuhusu ushawishi, ya miaka 2.

Sisi Watanzania tulionjeshwa hali kama hiyo kwa njia nyingine. Desemba 2010, kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri mahakamani mjini London kosa linalohusu rada ya pauni milioni 28 iliyouziwa nchi yetu. Kosa hilo lilikuwa kutotunza vitabu vya hesabu ipasavyo kuhusu malipo kwa wakala. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaja kwa ajili ya elimu yetu, zile ambazo mitaani ziliitwa chenji ya rada na ambazo zilinunua vitabu na madawati. Hapakuwa na mlango unaozunguka katika kesi ile, kwa hiyo siilinganishi zaidi ya hapo. Naitaja kwa sababu moja: kule ilikuwa tarehe ya barua, huku ilikuwa mstari katika leja, na katika kesi zote mbili kilichoshikika ni karatasi.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe nitapita haraka. Mwaka 1969 Seneta William Proxmire alifichua kwamba makampuni 100 makubwa ya kijeshi yalikuwa yameajiri maafisa wastaafu 2,072 wa cheo cha kanali au kinacholingana nacho na kuendelea. Nusu karne baadaye, wakaguzi wa Bunge la Marekani walihesabu makampuni 14 tu na kukuta kwamba mwaka 2019 yalikuwa yameajiri watu 1,718 waliokuwa viongozi waandamizi au maafisa ununuzi wa Wizara ya Ulinzi. Karibu wote hao hawakuvunja sheria yoyote.

Idadi inayonigusa zaidi ni ndogo kuliko hizo. Mwaka 1993, vita baridi vikiwa vimekwisha, William Perry, wakati huo naibu waziri wa ulinzi, aliwaalika wakuu wa makampuni ya silaha chakula cha jioni na kuwaambia wazi kwamba bajeti haitawatosha wote. Wakaanza kuungana na kumezana. Katika miaka ile ya tisini palikuwa na makampuni makuu 51 ya ndege na silaha. Leo yamebaki 5. Wachumi wanaeleza vizuri jinsi hali hiyo inavyopandisha bei, lakini mimi naiona kwa macho ya afisa mwenye miaka 54 anayefungua bahasha za zabuni. Makampuni yangekuwa 51, kumuudhi mmoja kusingekuwa kitu. Yakiwa 5, anayemnyima mkataba mmoja wao ameukata uzee wake kwa sehemu moja ya tano, na hakuna aliyemtishia.

Ngazi ya juu kabisa mzunguko huo umekuwa wa kawaida kiasi kwamba haushangazi tena. Mawaziri watatu wa ulinzi waliothibitishwa na Seneti kwa kufuatana walitoka upande wa wauzaji: James Mattis aliyekuwa katika bodi ya General Dynamics, ambako alirudi baada ya kujiuzulu uwaziri; Mark Esper aliyekuwa mshawishi mkuu wa Raytheon; na Lloyd Austin aliyekuwa katika bodi ya Raytheon. Kati ya wawili wa kwanza alikaimu Patrick Shanahan, mtu wa Boeing kwa miaka 31. Mattis na Austin walihitaji kibali maalumu cha Bunge, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilitaka afisa wa jeshi akae nje ya jeshi miaka 7 kabla ya kuwa waziri wa ulinzi. Angalia ni muda gani sheria hiyo inauhesabu: inahofia waziri aliyetoka jeshini karibuni, wala haina kifungu cha namna hiyo kwa waziri aliyetoka kiwandani jana. Austin, kwa haki yake, aliahidi mbele ya maseneta kutogusa mambo ya Raytheon kwa miaka 4 na kutorudi kwenye bodi za makampuni hayo.

Wanaoutetea mlango wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Jenerali anastaafu akiwa bado na nguvu, na ujuzi wa miaka 30 kichwani. Kumwambia akafuge kuku ni kupoteza mali ya taifa. Kampuni inayounda ndege inahitaji mtu aliyeziendesha vitani, na serikali nayo inahitaji mtu anayejua kiwandani gharama huzaliwa wapi. Yote hayo ni kweli kwa mhandisi na kwa rubani. Nina wasiwasi kwamba si kweli kwa wote 1,718.

Wasiwasi huo nimeupata kwangu mwenyewe. Nilipostaafu, kampuni moja iliyowahi kutuuzia bidhaa ilinipigia. "Mzee, sasa uko huru, njoo utushauri kuandika zabuni." Nilikubali, na kwa miezi 2 niliwafundisha wanavyotakiwa kupanga nyaraka, jinsi ya kusoma vigezo, na kwa nini zabuni zao zilikuwa zikianguka kwa vitu vya kijinga kama saini iliyokosekana. Nilifurahi, nikajiona bado nina faida. Mwezi wa 3 mkurugenzi wao aliniita akaniuliza kama yule kijana anayeshika nafasi yangu siku hizi si yule niliyemfundisha kazi. Nikamwambia ndiye. Akasema basi haitakuwa vibaya nikimpigia tu kumsalimu na kuulizia jambo letu limefika wapi. Nilijua kijana angeipokea simu hata kama yuko kikaoni, na nilijua angeanza na shikamoo. Nikamwambia mkurugenzi kwamba vigezo naweza kuwafundisha hata mwaka mzima, lakini simu hiyo sitaipiga. Hakukasirika, akaniagizia chai. Mwisho wa mwezi nikalipwa stahiki zangu zote, na tangu hapo hawajahitaji ushauri.